Homa ya Lewisham

Mwaka jana nilikwenda Queensbury, huku huku London, kununua kabati la droo kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa. Kabati lilikuwa zuri, la mbao nzito. Nilipovuta droo ya juu, harufu ya naftalini ilinipiga usoni, nami mwanamke mzima, mwenye shahada mbili na maoni juu ya kila jambo, nikaruka nyuma kama niliyeona nyoka.

"Nini, mwanangu?" bibi aliuliza. "Mende?"

"Hapana, bibi. Lewisham."

Alinitazama kwa huruma, akanipunguzia bei.

Ninyi wasomaji wangu mnastahili maelezo zaidi ya yale. Nilipokuwa na miaka saba tuliishi Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ambako baba alikuwa akisomea shahada ya uzamivu kuhusu udongo. Udongo wenyewe ulikuwa wa milima ya Upare, nami sikuelewa kwa nini mtu asafiri mbali kiasi kile ili asome udongo alioukanyaga pekupeku tangu utotoni. Tulikuwa wanne: baba, mama, kaka yangu Amani aliyekuwa na miaka kumi, na mimi, Nakijwa. Jina hilo halikuwa langu peke yangu. Nilipewa la shangazi, dada mkubwa wa baba, muuguzi aliyeishi peke yake Lewisham, kusini mwa London. Kwetu jina la kurithi si pambo, ni kamba. Aliyeshika ncha ya pili anaweza kuivuta siku yoyote.

Aliivuta siku chache kabla ya likizo ya Pasaka. Nilikuwa chini ya meza ya jikoni, mahali nilipofanyia shughuli zangu zote muhimu, na mama alikuwa akichagua mchele kwenye sinia. Mchele wa madukani Uingereza hauna hata chembe ya mchanga, lakini mama aliuchagua kila jioni, akisema siku utakayoacha kuchagua ndiyo siku utakayovunja jino. Baba aliingia akasimama mlangoni.

"Dada ameomba," alisema.

"Ameomba nini?"

"Wajina wake."

Nilisikia vidole vya mama vikisimama. "Baba Amani, mtoto si mwavuli wa kuazimana."

"Sijamwambia ndiyo."

"Na hapana je? Umemwambia?"

"Nitaanzaje, Mama Amani? Mama alipofariki ni yeye aliyenilea. Aliacha shule ili mimi nisome. Nimemwambia tutakwenda Pasaka, tuzungumze."

Mama alizima jiko ingawa maharage yalikuwa hayajaiva. Jioni ile tulikula mkate.

Ili muelewe ukubwa wa jambo, masomo ya baba yalikuwa yanakwisha, na kiangazi tungerudi Tanzania. Kubaki kwa shangazi kulikuwa na maana ya kubaki upande huu wa dunia wakati wengine wote wamekwenda upande ule. Wala ombi lenyewe halikuwa la ajabu. Shangazi hakujaliwa mtoto, na nusu ya binamu zangu walikulia kwa mashangazi na wajomba, wala hakuna aliyeita jambo hilo msiba. Ukoo mzima ungesema nimepata bahati: shule za Uingereza, na nyumba yenye mtu wa kunipenda. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba nimeombwa, kama chumvi.

Nilikwenda kutafuta ushauri kwa kaka yangu.

"Wakikuacha, kitanda chako nakichukua mimi," Amani alisema.

"Hawawezi kuniacha!"

"Hawawezi? Yule mbuzi wa babu aliyepelekwa kwa mjomba Same, alirudi?"

Hakurudi. Nilimkumbuka vizuri yule mbuzi, alikuwa na sikio moja jeupe. Tulimla Krismasi.

Asubuhi ya safari treni ilinuka mayai ya kuchemsha na makoti yenye unyevu. Nje kondoo walikuwa wamezaa, na vitoto vyao vilikimbia kando ya mama zao, jambo ambalo nililiona kuwa ni ukatili wa makusudi. Baba alininunulia chokoleti bila kuombwa. Mama alinisuka upya nywele ambazo zilikuwa zimesukwa juzi tu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema kuku anayelishwa kuliko wenzake aulize sikukuu ni lini. Kila wema nilioonyeshwa katika behewa lile ulinipoza damu, na kufikia katikati ya safari nilikuwa na chokoleti imeyeyuka mkononi na uhakika kamili moyoni.

London ilitupokea chini ya paa jeusi la stesheni, kubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuliona. Kisha tukashuka chini ya ardhi kwa ngazi zinazotembea zenyewe. Pale chini, kabla treni haijaonekana, upepo wa moto ulitoka kwenye shimo la reli ukapeperusha magazeti, kama vile kuna kitu kikubwa mle ndani kilichokuwa kimelala na sasa kimeamka. Baba alinikamata mkono hadi vidole vikaniuma. Mtoto mwingine angesema, baba ananilinda. Mimi nilisema, ananishika hivi kwa sababu ni mara ya mwisho.

Shangazi alikaa ghorofa ya juu katika jengo la halmashauri, karibu na soko. Alitufungulia mlango kabla hatujagonga. Alikuwa mrefu, mwenye uso wa baba uliovalishwa hereni, naye alinukia sabuni ya hospitali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wajina wangu! Hebu nikuone. Mbona mwembamba? Wifi, mnamlisha nini huko kaskazini, ukungu?"

Wote walicheka, mama akicheka zaidi ya kawaida yake. Kisha shangazi akanishika mkono akanionyesha chumba kidogo. Kilikuwa na kitanda kimoja, shuka mpya zenye sungura, na kabati la droo. Alifungua sanduku letu, akatoa nguo zangu moja moja, akazikunja upya, akazipanga kwenye droo ya juu, katikati ya vidonge vyeupe vya naftalini.

"Nguo zikikaa sandukuni zinachoka," alisema.

"Usijisumbue, wifi," mama alisema kutoka mlangoni.

"Usumbufu gani, wifi yangu? Nafasi ipo."

Kesho yake shangazi alikwenda kazini alfajiri. Mlango ulipofungwa tu, mama alivuta ile droo, akatoa nguo zangu zote, akazipiga pasi ingawa hazikuwa na kunyanzi, akazirudisha sandukuni. Mchana shangazi alirudi, na kabla hata hajavua sare yake ya kazi alipita chumbani, nami nikasikia droo ikifunguliwa. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Asubuhi nguo zilikuwa mali ya Tanzania, jioni zilikuwa mali ya Uingereza. Sebuleni wale wanawake wawili waliitana wifi kipenzi, walipakuliana wali, walisifiana vitambaa vya kichwa. Baba alijificha nyuma ya gazeti, ukurasa uleule tangu tufike. Walizungumza juu ya mvua za Upareni, juu ya harusi ya fulani na kiburi cha fulani. Yale mazungumzo tuliyopandia treni hayakuanza.

Mimi nilijitetea nilivyoweza. Nilikataa chakula cha shangazi, maana niliamini ukizoea chungu cha mtu umekuwa wake, nikala mkate tuliokuja nao Sheffield mpaka ukawa mgumu kama sabuni. Nililala na viatu. Mama alipofunua shuka za sungura akaviona, hakunigombeza. Alivitazama tu, akanifunika tena. Kutogombezwa kulinitisha kuliko kofi.

Halafu siku moja shangazi alipata mapumziko.

"Wajina, vaa koti. Twende nikakuonyeshe kitu."

"Na Amani?"

"Amani abaki na baba yake. Ni sisi wawili tu, akina Nakijwa."

Nilimtazama mama. Mama alimtazama baba. Baba aligeuza ukurasa wa gazeti, kwa mara ya kwanza. Basi nikavaa koti. Tulipofika chini niligeuka, nikamwona mama dirishani kule juu, mdogo kama picha ya kitambulisho, viganja vyote viwili vikiwa juu ya kioo.

Tulipita sokoni, katikati ya ndizi na samaki na watu waliokuwa wakipiga kelele, tukaingia mtaa wenye utulivu. Shangazi alisimama mbele ya uzio wa chuma. Nyuma yake kulikuwa na shule, imefungwa kwa likizo. Uwanjani walikuwa wamechora duara za rangi za kurukia.

"Mlango wa wadogo ni ule wa bluu," alisema. "Ukitoka, utanikuta hapa, kwenye nguzo hii. Nimeshamwomba mkubwa wangu anibadilishie zamu."

Alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba ananieleza siri nzuri. Nilitaka kusema hapana, lakini kwetu mtoto hamwambii mtu mzima hapana, wala, kama nilivyokuwa nikijionea wiki ile, mtu mzima hamwambii mwenzake. Niliushika ule uzio, baridi yake ikanipanda mpaka mabegani. Nikasema, "Ahsante, shangazi." Nadhani ndilo neno la woga kuliko yote niliyowahi kuyatamka, na mimi nimewahi kusimama mbele ya maprofesa.

Tuliporudi, mama alinifungulia mlango akanipapasa kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayehakikisha mzigo haukuvunjika.

Siku ya kuondoka shangazi hakwenda kazini, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya pasi. Nguo zangu zililala kwenye droo. Sanduku lilisimama mlangoni likiwa limefungwa bila hata soksi yangu moja. Nilikuwa nikirukaruka kwenye kile kitanda, si kwa furaha. Nilitumaini kitavunjika.

Sebuleni nilimsikia baba akikohoa. "Sasa dada," alisema, "kuhusu lile jambo."

"Nakusikiliza, mdogo wangu."

Mama aliingia chumbani na khanga mkononi. Akainama mbele yangu, akanipa mgongo.

"Panda."

"Mama, mimi mkubwa."

"Nimesema panda!"

Nilipanda. Alinifunga kwa ile khanga, akaikaza kifuani, akainuka kwa shida. Miguu yangu ilining'inia mpaka karibu na magoti yake. Sijui kama Lewisham imewahi kuona kichekesho kama kile, lakini mimi sikucheka. Kupitia mgongo wake niliusikia moyo wake ukigonga kwa nguvu kuliko wangu, nikafahamu, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba mama yangu anaweza kuogopa. Tukatokea sebuleni.

"Mtoto ana homa," mama alisema.

Baba alifunga mdomo wake. Amani akafungua wake.

"Homa? Si alikuwa anaruka kitandani sasa hi—"

Baba alimkanyaga mguu.

Kwetu mtoto mgonjwa haondolewi mgongoni mwa mama yake. Hatumwi, haachwi, wala mashauri yake hayasemwi mpaka apone. Hakuna aliyekuwa amemkatalia mtu kitu pale. Homa ndiyo iliyokataa.

Shangazi alikuja polepole. Alikuwa ametoka kuosha vikombe, na mkono aliouweka kwenye paji langu ulikuwa wa baridi na majimaji. Nilimtazama juu ya bega la mama. Hakunitazama mimi, alimtazama mama, na mama akatazama zulia. Mkono ulikaa pale. Nje basi lilisimama, watu wakashuka, likaondoka, na mkono bado ulikuwa pale.

"Ni kweli, wifi," alisema mwishowe. "Anaungua huyu. Mrudishe nyumbani."

Aliingia chumbani, tukasikia droo. Akarudi na nguo zangu zote, akapiga magoti, akafungua sanduku, akazipanga mwenyewe. Sweta aliliweka juu kabisa. "Msije mkalitafuta," alisema. "Kwenye treni kuna baridi."

Mngedhani hofu yangu iliishia hapo. Ndiyo kwanza ilikuwa imepata cheti, maana muuguzi wa hospitali ya London alikuwa amethibitisha kwamba naungua. Mama alinibeba hadi stesheni, machozi yakimtoka, na kwenye treni ya Sheffield Amani alinipa kiti cha dirishani bila kugombana. Hapo nikajua nakufa. Niliwatazama wale kondoo kama mtu anayeaga, na kwa miaka mingi baadaye, Dar es Salaam, niliwasimulia wanafunzi wenzangu jinsi nilivyoponea chupuchupu ugonjwa wa Ulaya.

Nilirudi London kusoma nikiwa msichana mkubwa, nikaenda kumsalimia shangazi. Alifungua mlango, na kabla ya kuitikia shikamoo yangu aliniwekea mkono kwenye paji la uso. "Imepoa?" aliuliza. Nilicheka, nikamjibu imepoa, nikadhani ni utani wa wauguzi.

Ilinibidi nizae ndipo nielewe. Nilipoanza kumgusa binti yangu paji la uso niligundua kwamba mkono wa mtu mzima unajua papo hapo kama kuna homa au hakuna, kabla hata haujatulia. Mimi ni mwandishi wa makala na najua. Yeye alikuwa muuguzi maisha yake yote. Asubuhi ile tuliogopa wote, mama, baba, mimi, na nadhani hata Amani kwa namna yake. Wa kuogopa zaidi alikuwa ni yule aliyekwisha kununua shuka na kubadilisha zamu, na kati yetu wote ni yeye peke yake ambaye alichokiogopa kilimfika.