Inchi Mbili kwenye Udi wa Bi Rukia

Haya, nakuambieni, lakini anayetaka kucheka acheke kidogo, maana hata leo nikipita Kikwajuni, mtaani kwa Bi Rukia, navuka nijitie upande wa pili wa barabara.

Mie, kama mjuavyo, fundi wa vyombo vya taarab. Bi Rukia, yule mpigaji udi ambaye mji mzima unamwamkia, aliniletea udi wa marehemu baba yake, lile duara la mbao la nakshi linaloziba tundu la katikati limevunjika, na Jumamosi anampigia mjukuu wake harusini. Akanambia hana udi mwengine na hautaki, vidole vyake vimezeeka na huu. Kazi yenyewe ndogo: nichonge nakshi mpya, halafu tundu nilitanue milimita mbili tu pembeni ili ikae sawa. Kwa kisu na msasa ni kazi ya asubuhi moja.

Lakini mie si nlikuwa nshajigamba barazani kuwa udi huu nitautengeneza kwa mashine. Rafiki yangu Bakari, fundi wa milango ya nakshi, ana mashine ya CNC (ile inayochonga yenyewe kwa amri ya kompyuta, weye umekaa unatazama), na nakshi mpya ilitoka humo nzuri mpaka nikapagawa, nikaona kisu cha nini tena, na tundu nalo litanuliwe na mashine, tena mbele ya watu. Nikamwita Bi Rukia, akaja na mjukuu wake, bibi harusi mwenyewe, na mpiga kanuni wa kikundi chao, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, wakakaa vitini, bibi harusi na simu yake anarikodi.

Nikaulaza udi, nyuzi nshazitoa, nikaufunga barabara, nikaandika kwenye kompyuta ya mashine: mbili. Bakari alikuwa nje na mteja, na mie sikutaka kumwuliza kitu mbele ya wageni wangu, fundi mzima. Nikabonyeza.

Kisu cha mashine kikashuka mbali na tundu, mbali kabisa, nikajiambia labda inajipanga, huku jasho linanitiririka mgongoni na meno nje natabasamu, na Bi Rukia akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ndivyo?" nikamjibu ndivyo, bibi. Wallahi nikamjibu ndivyo, na kitufe cha kuizima kiko hapa mkononi, kwa sababu nliogopa kuonekana sijui kuliko nlivyoogopa kuuharibu udi wa watu. Kisu kikamaliza duara lake, na nusu ya uso wa udi ikaangukia ndani.

Bakari akaingia mbio, akatazama kioo cha kompyuta, akashika kichwa. Maseremala wetu wote hupima kwa inchi, na mashine yake alishaipanga hivyo hivyo. Mbili yangu ilikuwa inchi mbili kila upande.

Bibi harusi akashusha simu. Bi Rukia akainuka, akatia mkono ndani ya lile shimo, akakitoa kile kipande, akakipangusa vumbi kwa pembe ya kanga, akanikabidhi kama mtu anayemrudishia mwenziwe sahani, kisha akaenda zake.

Jumamosi alipiga udi wa kuazima. Kwenye wimbo wa pili vidole vikampotea, akauweka chini, akaendelea kupiga makofi pamoja na wenziwe, anacheka, na mie nimejibanza mlangoni naomba ardhi ipasuke.

Uso mpya nliuchonga kwa mkono, wiki sita, usingizi sina. Nikampelekea kwake. Akapiga wimbo mmoja mpaka mwisho, akautazama.

"Udi unalia vizuri, mwanangu," akanambia. "Lakini baba simsikii."

Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Basi nimejiapiza: kitu nisichokijua nitauliza mbele ya yeyote, na mashine ikenda kombo naizima kwanza, aibu itajijua.