Meza ya Sauti Haioshwi kwa Majivu

Nyinyi mliokua Kabambare wakati wetu, mnaikumbuka Meza? Si meza ya kulia bugali. Nasema ile meza ya sauti ya baba yangu, ya sono, yaani ya mitambo ya muziki wa harusini, nzito kama gunia la mpunga, yenye vibonye vingi na chini yake safu ya vile vya kusukuma juu na chini, kila kimoja kupandisha na kushusha sauti yake, ambavyo sisi watoto tuliviita vidole. Kama uliolewa kwetu siku zile, shangwe zako zilipita mle. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia, hasira yenyewe nitaifikia.

Baba aliitoa Kasongo. Misheni moja ilikuwa imepata mpya, hii ikatupwa stoo, naye akaibeba kwa baiskeli hadi Kabambare, imefungwa ndani ya godoro letu la sponji. Tulilala chini mpaka aliporudi, na godoro likanuka mafuta ya mnyororo mwaka mzima. Mama alinuna. Halafu siku jenereta ilipowaka na mikro, kile kipaza sauti, ikajaribiwa ikasema "ese, ese, moja, mbili", akasahau kununa, akaishika ile mikro na kuanza kuwaita kuku wake. Walikuja kuku wa mtaa mzima.

Asubuhi ya harusi, kazi ya watoto ilikuwa kusafisha. Baba alifungua tumbo la Meza, akatugawia manyoya ya bawa la jogoo na chupa ndogo ya alkoli kutoka dispanseri. Unachovya unyoya, unaupitisha polepole mu mfereji wa kila kidole, mpaka vumbi litoke na ule mkwaruzo uishe. Tulipigania manyoya hayo. Majogoo wa jirani walitukimbia hata siku zisizo na harusi. Mama alisimama mlangoni akifoka: "Aliyekula sombe asiguse! Mawese yenu mupake mu kichwa, si mu Meza!" Kisha alitunusa mikono mmoja mmoja, asipite mwenye harufu ya yale majani ya muhogo na mafuta yake. Harufu ya alkoli ilichanganyika na ya wali wa harusi uliochemka nje, na mpaka leo nikichomwa sindano nasikia njaa.

Mama hakusoma. Lakini Baba alipokwenda kuswali au kula, yeye ndiye aliyekaa kwenye Meza, na ili asichanganye alipaka kila kidole verni ya kucha. Nyeupe, shehe. Ya waridi, wanawake wa nyimbo. Kahawia, ngoma. Cha pembeni kabisa, chekundu, kilikuwa cha Baba peke yake. Bibi-arusi akitokea mlangoni, Baba alifumba macho akakisukuma juu taratibu, na watu walisema: haya, sukari imeingia. Tulikiita kidole cha utamu. Hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa. Tulitengeneza Meza zetu za karatoni, vidole vya vifuniko vya chupa, na kifuniko chekundu tulikigombania mpaka kutoana damu.

Vijana wa leo wangegombania nini? Wana simu na kisanduku kimoja cha bluetooth kinacholia kama mbuzi aliyekanyagwa. Shehe, ngoma, wanawake, wote wanatoka mu kitundu kimoja wakisukumana.

Sasa hasira. Baba hayuko tena, Mama anaishi kwangu hapa Kasongo, na Meza ilikuwa chini ya kitanda changu. Mdogo wetu Zaina alipopata mchumba aliomba kitu kimoja tu: aingie kwa sauti ya Meza, kama alivyoingia kila bibi-arusi wa Kabambare. Nikasema nitaifufua, nikaitoa uani. Nikaenda kutafuta manyoya na alkoli, mtoto mgongoni. Kurudi, namkuta mdogo wangu Shabani, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, uani, suruali imekunjwa, amechutama kwenye maji. Mnajua kwetu kabla ya harusi sufuria husuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka uone uso wako. Bwana alimaliza sufuria, akaiona Meza, akaisugua na yenyewe.

"Yaya Asha, angalia! Iko inang'aa kushinda sufuria!"

"Shabani. Umeiosha?"

"Na sabuni pia."

Rangi zote za Mama zilikuwa zimekwenda na maji hadi kwenye migomba. Nilimrushia ndala ya kwanza, ikampata. Ya pili ikampata jirani.

"Weye mujinga, hii iko sufuria? Ulitaka tupikie sombe?"

"Ilikuwa na uchafu wa rangi-rangi, yaya..."

"Ule uchafu ulikuwa mukono wa mama yako!"

Mimi nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira tupu.

Tuliianika juani, tumbo wazi, mpaka ikakauka. Shabani akashika unyoya, kidole kwa kidole, nami nimesimama juu yake, na binti yangu mkubwa Rehema akimnusa mikono kama bibi yake. Tulipoiunga na mabafle ya kuazima, yale masanduku makubwa ya sauti, ilikohoa, ikakwaruza, ikatema. Halafu: ese, ese. Vidole vingine vilikataa kabisa, lakini vya kutosha vilisema. Nikakaa na verni nirudishe rangi kwa kukumbuka. Nyeupe, waridi, kahawia. Nikafika cha pembeni. Nikakisukuma: kimya. Nikasafisha tena: kimya. Nikachungulia chini yake, hakuna hata waya mmoja uliofika pale.

Nikainua ndala, ingawa Shabani alikuwa ameshatoka kwenda kuoga, hasikii. "Shabani! Umekata na waya?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Mwache mutoto. Kile hakijawahi kuwa na waya, tangu kule misheni. Baba yenu alikuwa na mikono isiyotulia. Mimi napanga sauti vizuri, yeye anakuja kuharibu. Nikapaka kile kibovu verni nyekundu, nikamuambia: Baba Asha, utamu wote uko hapa, usimuambie mutu. Tangu siku ile nikapumuzika."

"Na wale waliosema sukari imeingia?"

"Walisikia. Ulitaka niwabishie?"

Siku ya harusi Mama alikaa kwenye Meza, vidole vya Meza vimepakwa upya, na chuma chote kinang'aa kama sufuria, hilo nalikubali. Nikamwita Shabani, nikamwekea kiti pembeni. "Kidole cha Baba sasa ni chako. Vingine usiguse." Akakikodolea macho, akajifuta jasho la viganja mu suruali.

Ndiyo maana siwezi kukipenda kile kisanduku cha bluetooth, hata kikipiga kwa nguvu ya ngurumo. Kinajua kazi yake chenyewe. Hakina nafasi ya mama wa verni, wala ya watoto wa manyoya, wala ya mtu asiyetulia ambaye lazima naye umtafutie kidole.

Zaina akatokea mlangoni. Shabani akafumba macho, akasukuma taratibu.

"Yaya, umesikia? Sukari imeingia!"

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka wiki nzima. Wanawake wakapokea wimbo, Mama akanikonyeza, na nawaapia, wenzangu, nilisikia.