Binti Aliyenyimwa Maji

Wafanyakazi walimwita Mama Saa. Ndiye aliyesimamia chumba cha ushonaji kiwandani, na kila aliyeinuka kwenda msalani alihesabiwa dakika. Kwa miaka kumi na tisa alijivunia jina hilo.

Mwaka wa ishirini akaajiriwa mshona vifungo, binti mpole mwenye chupa kubwa chini ya kiti. Alikunywa maji kama mchanga mkavu, na kila nusu saa yuko mlangoni.

"Wewe, umekuja kushona au kumwagilia choo?" Mama Saa alimuuliza mbele ya wote. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Nisamehe, mama. Kiu hainiachi."

"Basi usinywe. Usipokunywa, hutakwenda." Akaitwaa ile chupa na kuifungia kabatini.

Kufika adhuhuri, midomo ya binti ilikuwa imepasuka kwa ukavu, ila chooni bado anakwenda. Hilo lilizidi kumpandisha Mama Saa mori. Hanywi, maji anayatoa wapi? Ni ukaidi tu huu! Saa tisa binti akaanguka juu ya rundo la mashati, akiweweseka.

Mama Saa mwenyewe alimkimbiza hospitali. Mama mzazi wa binti alipofika, alimshika Mama Saa mkono. "Mungu akubariki, dada. Umeniokolea mwanangu."

Daktari akatoka. "Mwili ukipungukiwa maji," alisema, "ubongo hupeleka ujumbe kwenye figo: zuieni, mkojo uwe kidogo. Maji yakizidi, ujumbe hupungua, nazo figo huyaachia. Kwa binti huyu ujumbe hautoki. Figo zake ni nzima, lakini hazijaambiwa kitu, kwa hiyo zinamwaga tu hata akikauka. Kunywa ndiko kulikomweka hai, na leo hajanywa. Nani alimzuia?"

Mama Saa alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, hapo hakuna aliyejua. Lakini ule mkono ulikuwa bado umemshika, wa moto, wenye shukrani.

"Ni mimi," alisema.

Mkono ukamwachia polepole.

Binti alipewa dawa ya kuziba pengo la ule ujumbe, akarudi kazini baada ya wiki tatu. Mama Saa alisimama katikati ya chumba, akamwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka.

"Yameisha, mama," binti alijibu haraka, kana kwamba aibu ni yake.

Mama yake mzazi hajasema yameisha. Wakikutana njiani humpita kimya, na Mama Saa humpisha, uso umemwiva, wala hamlaumu.