Sweta la Bluu la Mama, Mara ya Pili

Kwenye sindano zangu sasa hivi kuna kazi tatu, na zote tatu zinanitia hasira. Ya kwanza ni kofia ya mume wangu, ambayo nimeifumua na kuianza upya sijui mara ngapi, kwa sababu kichwa cha mwanaume huyu hakieleweki: leo inambana, kesho inamfunika macho. Ya pili ni sweta la shule la binti yetu wa mwisho. Huyo hataki mikono mirefu, hataki shingo ya duara, hataki hiki, hataki kile, na ukimuuliza anataka nini anapandisha mabega tu. Ya tatu ni sweta la vifungo la mama yangu mzazi aliyeko Gitega, la bluu, na hilo ndilo linaloniuma, maana nilishalifuma, nikalimaliza, nikalituma, na likafumuliwa lote.

Mimi nafuma kwa starehe yangu. Nalisema waziwazi kwa sababu hapa Butihinda, mkoani Muyinga, wakikuona umekaa barazani na uzi wanadhani umefungua duka. Nilifundishwa na shangazi yangu kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, kwa spoki za baiskeli tulizozinoa kwenye jiwe, na uzi tuliutoa kwenye masweta ya mitumba yaliyotoboka. Mpaka leo ndivyo ninavyopata uzi. Nakwenda sokoni, natafuta sweta kuukuu ambalo uzi wake bado mzima, nalifumua, naufua uzi, nauanika kwenye kamba na kuufungia jiwe ili unyooke. Siku moja mume wangu akauchukua uzi niliouanika hivyo akaenda kumfungia mbuzi. Mbuzi jamani! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akacheka, akasema, "Mama watoto, hata mbuzi anasikia baridi."

Sasa nieleze habari ya mama, la sivyo mtaniona mwanamke mkali tu asiye na sababu. Nilizaliwa Gitega. Nilipokuwa darasa la kwanza, shangazi yangu aliyekuwa ameolewa huku Muyinga alijifungua, akaomba apelekewe msichana wa kumbembelezea mtoto. Wakanipeleka mimi. Dada yangu mkubwa akabaki kwa sababu alishajua kupika. Wakati huo mama alikuwa ananifumia sweta la bluu, na lilikuwa limebaki mkono mmoja. Akaniambia nitangulie, sweta litanifuata. Kabla halijanifuata vita vikatukuta Muyinga, shangazi akanishika mkono tukavuka mpaka, nami nimevaa kigauni cha mikono mifupi.

Nikakulia huko, nikaolewa huko, nikaanza kuzaa huko. Asubuhi za kambini zilikuwa na baridi ya kutafuna mifupa, na kila nilipotoka kwenda kuchota maji nilikuwa nalikasirikia lile sweta. Sikumkasirikia mama, maana sikujua kama yu hai. Nilikasirikia ule mkono uliobaki, utadhani ndio ulionizuia kurudi. Akili ya mtoto bwana, ikishikilia kitu haikiachii, na yangu haijakiachia mpaka leo.

Amani ilipokuja tukarudi. Tulijenga Butihinda kwenye shamba la ukoo wa mume wangu, na tulipomaliza kuezeka nilikwenda Gitega. Mama alinishika uso kwa mikono yote miwili, akalia, nami nikalia mpaka kilemba kikanivuka. Shangazi hakurudi, tulimzika kulekule, na mama akamlia naye pia. Miaka ya mwanzo alikuwa ananijua vizuri sana. Halafu akaanza kusahau. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, akaja kusahau majina ya wajukuu, na safari moja nilipofika akanikaribisha kwa adabu zote, akaniuliza nimetoka wapi na kama wa nyumbani kwangu hawajambo. Alikuwa amesahau kwamba nilirudi. Mambo yote ya kusahau duniani, yeye akachagua hilo! Nilijisikia kupiga ukuta ngumi, lakini mgonjwa utamgombeza vipi?

Basi nikamfumia sweta. Nilipata sokoni sweta kubwa la kiume, bluu iliyokolea, nikalifumua na kumfumia la vifungo, la kujifunika mpaka kiunoni, kwa sababu Gitega kiangazi kina baridi na yeye amekonda. Nilishonea vifungo vikubwa vya kahawia ili vidole vyake visihangaike. Nikalituma kwa gari. Dada akanipigia simu akasema, "Sweta imefika, maman iko anaivaa, imemkaa vizuri vraiment." Dada hakukulia kambini kama mimi, Kiswahili chake ni kile cha Gitega, kilichochanganyika na Kifaransa. Nilifurahi siku hiyo mpaka nikamaliza kofia ya mume wangu, ile ya kwanza, iliyombana.

Nilipokwenda kuwatembelea, nilimkuta mama amekaa uani na kitenge chepesi mabegani, kingine amekiweka mapajani, mikono yake imesisimka kwa baridi. Nikamwuliza dada sweta liko wapi.

"Nimeifua. Iko kwenye kamba."

Kamba ilikuwa mbele ya macho yangu, tupu. Nikaingia ndani kumtafutia mama kitu cha kujifunika, na juu ya kabati nikaona kikombe, na ndani ya kikombe vifungo vyangu vya kahawia. Kando yake donge la uzi wa bluu. Uzi wangu ninaujua hata nikiwa nimefumba macho.

"Hivi vimefikaje humu?" nikamwuliza dada, kikombe mkononi.

"Acha hivyo vitu, nitakuambia. We ndo umefika, kaa kwanza unywe chai."

"Sitaki chai! Nataka sweta la mama!"

Na hapo nikafungulia mdomo. Nilimwambia kwamba amelifumua ili awafumie watoto wake. Nilimwambia kwamba wao waliobaki wanatuona sisi tuliorudi kama watu wa kuchunwa, tukileta kitu kinapokelewa kwa tabasamu na tukigeuka kimeliwa. Nilimwambia kwamba mama anatetemeka pale nje kama kuku aliyenyeshewa, na yeye amekaa juu ya uzi. Jirani alichungulia juu ya ua, nami nikamwambia aendelee kuchungulia, asikie vizuri.

Dada alinisikiliza, mikono kiunoni. Niliponyamaza kuvuta pumzi akasema, "Umemaliza? Bon. Njoo uone."

Akanipeleka mpaka alipokaa mama, akainua taratibu kile kitenge cha mapajani. Chini yake kulikuwa na sindano mbili, na sweta dogo la bluu. La mtoto. Kifua kimekamilika, mgongo umekamilika, mkono mmoja umekamilika, wa pili umefika kwenye kiwiko. Mama akakivuta kitenge, akalifunika, akaendelea kufuma chini kwa chini kama mtu anayeficha zawadi.

"Yako aliivaa siku mbili," dada akasema. "Nikaamka nikakuta ameifumua yote. Nikampa uzi nyekundu, akaitupa. Nikampa ya kijani, akanitukana matusi hata sijawahi kusikia. Anataka hii ya bluu tu. Anasema mtoto wake iko Muyinga na hana sweta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwenye simu? Ningesema nini? Kwamba maman amekataa kukujua we, lakini anakufumia sweta ya mtoto? Ungeniamini na huo mdomo wako?" Sasa yeye ndiye aliyepandisha sauti. "Na mi je? Mi niko hapa kila siku. Namwosha mi, namlisha mi, akiamka analia namtuliza mi. Hata kofia hajawahi kunifumia! Anamfumia yule aliyeondoka. Unafikiri hasira iko yako peke yako?"

Sikumwomba radhi. Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji, nikarudi nikafua nguo zote za mama, nikaosha na vyombo, na dada akaniacha nifanye bila kunizuia. Jioni tulikula maharage ya mawese sahani moja.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafunga mzigo wangu wa kurudi Muyinga. Mama akaniita. Alikuwa amekata uzi wa mwisho kwa meno na sweta limekunjwa vizuri mapajani.

"Mgeni, nimesikia unatoka upande wa Muyinga."

"Ndiyo, mama."

"Njia yako inapita kwa wifi yangu?"

Wifi yake ni shangazi, ambaye tulimwacha kaburini Tanzania. "Inapita," nikasema.

"Basi shika. Mpe mtoto wangu aliyeko pale kwa wifi. Mwambie nilichelewa kwa sababu ya huu mkono."

Wee! Miaka yote ile nilikuwa na maneno yangu kwa ajili ya ule mkono, nimeyapanga na kuyapangua, na sasa napewa salamu nizipeleke kwa mtu mwingine. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, nitazame. Huyo mtoto ni mimi."

Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Halafu akacheka, kile kicheko cha adabu cha kumchekea mgeni aliyetania. "Wewe? Wewe mtu mzima, mwenyewe una watoto. Hili litakutosha wapi?"

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilitia sweta kwenye mfuko, nikaondoka, na mpaka gari linapita Karuzi nilikuwa bado nazungumza peke yangu, abiria wa pembeni amejibanza dirishani.

Nyumbani nililiweka juu ya kitanda nikaenda kuangalia chakula. Niliporudi nikamkuta binti yetu wa mwisho amelivaa. Limemkaa kana kwamba alipimwa. Mikono mirefu, shingo ya duara, yote anayoyakataa kwangu, na amejikumbatia humo kwa raha zake. Nikamfokea alivue. Akalia. Mume wangu akaja kuuliza kuna msiba gani, nikamwambia amwambie mwanawe asiguse vitu vya watu. "Vya nani?" akauliza. Nikaenda jikoni nikasonga ugali kwa nguvu mpaka mwiko ukalia.

Siku chache baadaye simu ikaita. Ni dada. "Maman hatulii. Kila mtu akipita njiani anamwuliza kama yule mgeni amefika. Sema na yeye, mi nimechoka."

Nikasikia pumzi ya mama. "Mgeni, ulimfikishia?"

"Nilimfikishia."

"Alivaa?"

"Alivaa, mama."

"Limemtosha?"

Binti yetu alikuwa mbele yangu anachambua maharage, na sweta amelivaa tena bila ruhusa yangu. Ningesema limemtosha, yakaisha. Mama angelala. Lakini ile hasira yangu ya kambini ikanipanda, nikasema, "Limembana. Mikono haifiki."

"Kumbe amekua," mama akasema.

"Amekua, mama. Amekua sana."

"Hakuna aliyeniambia. Mwambie anisamehe. Nitamfumia jingine kubwa. Nitafutie uzi, lakini uwe wa bluu."

Ndiyo maana nimerudi sokoni, nikachakura mitumba mpaka nikapata bluu ileile, na ndiyo maana hii kazi ya tatu iko kwenye sindano. Nimefika kwenye makwapa. Vifungo nitavikuta Gitega kwenye kikombe. Leo asubuhi mume wangu, nikimjaribishia kofia yake na imemfunika macho, ameniuliza kile anachoniuliza kila siku: kama mama atalifumua tu, kwa nini nisimpelekee madonge ya uzi, nikapumzika?

Nimemwambia anyamaze kwanza, nahesabu vitanzi. Nilipofika mwisho wa mstari nikamjibu. Nimemwambia lile la kwanza alilivaa siku mbili kabla hajalifumua, na mimi hizo siku mbili nazitaka. Nimemwambia pia kwamba mama akiniuliza kama hilo kubwa limemtosha mtoto, nitasema limembana. Akifuma jingine, nitasema limembana. Nitasema hivyohivyo mpaka afume linalonitosha mimi, nilivae nikapige magoti mbele yake pale uani, tuone kama bado ataniita mgeni.