Kiki ya Pikipiki ya Marehemu

Kila nikinusa petroli namshukuru shangazi. Baba alipofariki, baba mdogo, huyo huyo aliyekuja kunichukua shuleni siku ya msiba, aliingia uani kwetu Msimbazi na mnunuzi wa vyuma chakavu, aiuze pikipiki ya marehemu.

"Mkweche huu, hauwaki," baba mdogo akamwambia.

Nilipiga kiki mara tatu, ikanirudi, ikanichana mguu. Akacheka.

"Unafukuza paka, mwanangu?" shangazi aliniuliza. "Kanyaga polepole mpaka ikugomee. Iachie ipande. Halafu ishukie na mwili wote, na usivute mafuta."

Ikaunguruma. Shangazi akamgeukia mdogo wake.

"Ulifuata mkweche, kautafute. Hii nzima ni ya mtoto."

Niliogopa hata kuizima. Shangazi akanifuta damu kwa khanga yake.

"Izime," akasema, "uiwashe tena, akuone."