Kabati la Katikati ya Sebule

"Dada, hivi wale watu wa nyumba ya mlango wa kijani, katikati ya sebule yao kuna nini?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu mshona viatu. Kibanda chake kinatazamana na mlango huo, na kwa sababu ya joto mlango huo unashinda wazi, kwa hiyo hata asipotaka kuona, anaona. Alisema amewaangalia wiki tatu nzima. Baba akitoka chumbani kuja nje, hanyooki. Akifika katikati anakata kushoto, anazunguka, ndipo anautafuta mlango. Mama naye ni hivyo hivyo, hata akiwa na ndoo ya maji kichwani. Hata paka. Na pale katikati pako peupe, sakafu tupu, imepigwa deki hadi inang'aa.

Nikamjibu kwamba pale pana kabati. Akaniangalia kwa huruma, akarudi kwenye soli yake.

Sikuwa nimemdanganya, ila habari yenyewe haisimuliki huku mtu amesimama juani. Ndiyo maana naiandika.

Mwenye nyumba hiyo ni seremala, na mtaa mzima tunamwita Fundi Mafundo. Tangu ajifunze kazi hajawahi kushika tepu ya kupimia. Anapima kwa kamba. Ukimwagiza kitanda atakuja kwako, atanyoosha kamba pale kitakapokaa, na kila kipimo kinapoishia atafunga fundo mbele ya macho yako. Kisha kamba inatundikwa kwenye msumari karakanani kwake, na kuanzia siku hiyo kamba ile ndiyo wewe. Nimewahi kumsikia akisema, "Huyu wa pale ni mwalimu mkuu, yule mfupi ni mganga wa meno."

Ana sheria mbili alizoachiwa na fundi aliyemfundisha. Ya kwanza, fundo lililofungwa mbele ya shahidi halifunguliwi. Ya pili, kitu ambacho hakijakamilika kinasimama katikati ya sakafu, ili fundi akizunguke na kukiona mgongo. Kikikamilika ndipo kinaenda ukutani. Kwa sheria hizo mbili amelea watoto watatu na kuwasomesha.

Sasa, mkewe ni mwenzangu wa kikundi cha sala, tunaitana dada. Chini ya kitanda chake kulikuwa na maboksi mawili ya vyombo alivyopewa na marehemu mama yake siku ya harusi: sahani nyeupe zenye ua la bluu, vikombe kumi na viwili na birika lenye shingo ndefu. Vilikaa humo miaka ishirini na sita, vimefungwa kwa magazeti ambayo habari zake zimeshazeeka, kwa sababu kwenye nyumba ya seremala hapakuwa na kabati. Kila mwaka mumewe alikuwa anamwahidi. Kila mwaka mbao nzuri ikipatikana, anatokea mteja mwenye haraka. Dada yangu huyu hakuwa mtu wa kulalamika, ila tukimaliza kusali na kila mmoja akasema haja yake, yeye alikuwa anasema, "Na lile jambo langu," nasi tunaitikia. Mungu analijua lile jambo kwa jina, tumemtajia sana.

Binti yao mkubwa anachora ramani za majumba huko ng'ambo. Mwaka jana kazini walimpa miwani mpya, ile ya zamani akaituma nyumbani imsaidie baba yake. Nasema miwani, lakini ni kubwa kama ile ya mchomelea vyuma, ina mkanda wa kuzunguka kichwa na waya unaoshuka hadi betri mfukoni. Watu walisema bei yake inanunua pikipiki na mafuta ya mwezi. Ukiivaa unaona chumba chako kama kilivyo, viti ni vile vile, mkeo ni yule yule, halafu inakuongezea vitu ambavyo havipo. Unavichora kwa vidole hewani, na ulipokiweka kitu, hapo hapo utakikuta kesho.

Wazo la binti lilikuwa kwamba mteja aone meza yake kabla mbao haijakatwa. Jambo hilo lilijaribiwa mara moja tu. Mteja mmoja, mama mnene mchangamfu, alivishwa miwani chumbani kwake, akakipenda kitanda alichokiona, akakikalia. Baada ya hapo Fundi aliona ni salama miwani ibaki nyumbani.

Na ikibaki nyumbani, atachora nini kama si lile jambo. Basi akalichora kabati. Kwa kuwa halijakamilika, akalisimamisha katikati ya sebule.

Siku hiyo dada alinifuata mbio, kanga moja begani na nyingine anaiburuta. Alikuwa amevishwa miwani na ameliona. Milango miwili ya vioo, rafu nne, miguu iliyonakshiwa, urefu wake kamili. Machozi yalimtoka hadi miwani ikapata ukungu. Na hapa lazima niseme haki ya chombo hicho, maana wengi wananiuliza kina faida gani. Dada aliponyoosha mkono kuigusa rafu ya juu, hakuifikia. Mumewe akaona. Ni mtu mrefu, na miaka yote hiyo kila kitu alichokipigilia nyumbani mwake, ndoano, rafu ya jikoni, kioo, alikipigilia kwa kimo chake, naye mkewe alikuwa anapanda stuli kimya kimya. Pale pale akaishusha rafu kwa vidole viwili. Faida hiyo niliiona mwenyewe baadaye, na siipuuzi.

Tatizo ni kwamba ilikuwa rahisi mno. Leo anabadilisha miguu, kesho anaondoa vioo, keshokutwa anavirudisha. Hakuna mbao inayoharibika, hakuna msumari unaopinda, kwa hiyo hakuna kinachomwambia acha. Miezi minane. Nyumba nzima ikajifunza kuzunguka. Mwanzoni ni yeye tu, maana akiwa na miwani alikuwa analiona na hawezi kupita ndani ya mlango wa kioo. Halafu mkewe, kwa heshima ya kazi ya mumewe. Paka sina maelezo yake.

Jioni akitoka karakanani alikuwa anavua shati na kulitundika kwenye kitasa cha kabati. Shati linaanguka sakafuni. Mkewe analiokota. Kesho yake tena. Nilimuuliza mbona hamwambii. Akasema amemwambia, na jibu alilopewa ni kwamba kitasa kitakazwa.

Sisi wa kikundi cha sala tunakutana kwao kila Alhamisi alasiri. Tulikuwa tunapanga viti kulizunguka, akina mama tisa, na aliyechelewa anaoneshwa kwa kidole apite upande gani. Nikiri kwamba mara ya kwanza nilijiuma ulimi nisicheke. Halafu nikafikiri, mimi niliyefika pale kuzungumza na Nisiyemwona kwa macho nina mdomo gani wa kumcheka mtu na kabati lake. Nikafumba macho kama wenzangu.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja alipokuja wifi, dada yake Fundi, ambaye ulimi wake hauna likizo. Aliingia bila hodi, akavuta kiti, akakiweka katikati kabisa ya sebule, akaketi. Fundi, aliyekuwa amevaa miwani yake, alisimama ghafla, akamwomba kwa adabu sana atoke kwenye rafu ya pili.

Wifi alipoelezwa, alicheka hadi akashika ubavu. Akasema amejua sasa kwa nini amekuwa akihisi kubanwa, kumbe yuko kabatini. Akauliza kama kaka yake amemjengea mkewe na jiko la hewa, ili wageni wale hewa. Akamgeukia dada: "Na vile vikombe vya marehemu, wifi? Si uvipange humu leo tuvisikie vinavyolia?"

Hakukusudia ubaya, ndivyo alivyo. Lakini nilimwona dada akiangalia sakafu, pale ambapo shati la jana lilikuwa bado limelala. Wifi alipoaga, akamwendea mumewe, akamvua miwani kwa mikono miwili, polepole, kama unavyomvua mtoto fulana. Akamwambia:

"Baba watoto, lile ni zuri, nimeliona. Lakini mimi nataka kitu ambacho nikikigonga gizani kinaniumiza."

Fundi akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba yeye alidhani lipo. Akaenda nje. Akarudi na kamba.

Hapo ndipo na mimi nilipoingia kwenye kesi hii. Kwa Fundi, kipimo ni kamba na mafundo, basi. Miwani ina namba zake pembeni mwa kila kitu, binti alishamwelekeza kwa simu, lakini yeye akasema namba hajui nani kazishuhudia. Atalipima kabati la hewani kwa kamba, kama linavyopimwa kabati lolote. Na kamba inahitaji mtu wa kushika ncha ya pili. Mkewe hakuruhusiwa, maana yeye ndiye mwenye mali. Shahidi nikawa mimi.

"Shemeji, shika kona ya juu, kushoto."

Nikamuuliza kona ipi. Akanishika kifundo cha mkono, akaupandisha mkono wangu hewani, akausimamisha, akasema hapo hapo, nisiachie. Yeye akaenda upande wa pili na kamba yake, akipapasa, akipiga goti, akichungulia mgongo wa kitu ambacho mimi nilikuwa naona ukuta kupitia kwake. Barabarani mshona viatu alikuwa ameacha kushona.

Tulipima karibu saa nzima. Betri iliisha katikati, kabati likazimika, ikabidi nisimame na mkono juu mpaka lipate chaji, kwa sababu Fundi aliogopa kona haitapatikana tena. Mkono ulikufa ganzi. Nikawa nasali sala fupi fupi. Na ndipo mtandio wangu ulipoteleza. Sisi watu wa rika langu hatuwezi kukaa kichwa wazi mbele ya shemeji, kwa hiyo niliurudisha haraka, kwa mkono ule ule. Kisha nikaurudisha mkono kwenye kona.

Sema sikujua kona ilipo. Niliuweka nilipobahatisha. Nilihisi ni chini kidogo, lakini nikajiambia, kitu chenyewe hakipo, madhara yatoke wapi. Chaji iliporudi, Fundi akavaa tena miwani, akavuta kamba, akatulia kidogo, akafunga fundo.

Kabati lilimalizika kwa wiki tano. Wanaume wanne walilibeba kutoka karakanani na kuliingiza sebuleni, wakaliegemeza ukutani, maana limekamilika. Nilikuwepo. Tulirudi nyuma hatua tatu kuliangalia, na wote wanne wakainamisha shingo upande mmoja kwa pamoja.

Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka vidole vinne.

Dada alikuwa ameshaenda chumbani kuyavuta maboksi. Alifungua magazeti, akaosha kila kimoja, akafuta kwa kitambaa kikavu, akapanga bila stuli. Vikombe vyote kumi na viwili vikateleza taratibu na kujikusanya kushoto, kama watu wanaosikiliza umbea. Birika likawafuata. Dada akasema afadhali, vimekaa peke yake muda mrefu mno. Alhamisi iliyofuata tulipomaliza kusali na kila mtu akataja haja yake, zamu yake ilipofika alisema hana. Akatuonesha paja: alikuwa amejigonga kwenye kona usiku wa kwanza, pamevilia damu, pana rangi ya zambarau. Aliuonesha ule uvimbe kama mwingine anavyoonesha pete.

Mimi lakini sikuwa na amani. Siku ya tatu baadaye nilienda kwa Fundi karakanani, nikamkuta anapiga randa. Nikamwambia kosa ni langu. Nilishusha mkono, nikarekebisha mtandio, sikusema, na sasa kabati la miaka ishirini na sita limepinda kwa ajili yangu. Nikamwomba anisamehe.

Alipuliza vumbi la mbao, akaniambia anajua. Alikuwa na miwani usoni, aliniona wazi wazi. Mkono wangu uliingia ndani ya mbao vidole vinne.

Nikamuuliza kama aliona, mbona alifunga fundo.

"Niliona haya, shemeji. Mtu mzima amesimama saa nzima anashika kitu asichokiona, nimwambie umekosea? Na fundo likishafungwa, unajua."

Nilikaa kwenye kigogo pale mlangoni. Alirudia randa yake mara mbili tatu, halafu akaiweka chini, akachungulia nje kama mkewe hayupo karibu.

"Ila nakuomba kitu kimoja. Ukija Alhamisi, pale katikati uendelee kuzunguka kidogo. Lile la hewani sijalitoa. Ndilo lililonyooka."