Ubeti wa Tano wa Wimbo wa Rufus

Rufus hakuiba nyumbu. Ozella alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na ndiyo maana alimtungia kaka yake wimbo wiki ileile waliyomzika. Mnyapara wa shamba la pamba alimpiga Rufus risasi mlangoni kwa mama yao, eti mwizi wa nyumbu wa kulimia. Jumapili iliyofuata nyumbu akarudi mwenyewe zizini, kamba shingoni, akala majani yake. Mnyapara hakuulizwa kitu. Nani wa kumwuliza, Mississippi ile? Mtu mweusi hakuwa na pa kushtaki, alikuwa na wimbo tu. Beti nne zilisimulia tuhuma na kifo. Wa tano ulimrudisha nyumbu na kumsafisha Rufus.

Mumewe, Tolliver, aliupiga kwa gitaa kwenye dansi za Jumamosi, watu wakila samaki wa kukaanga huku wanalia. Wazungu wa kurekodi santuri wakamwita Memphis. Aliporudi, kofia mpya kichwani, Ozella alimwuliza jambo moja.

“Umeimba wote?”

“Mke wangu, kuna taa pale. Ikiwaka, dakika tatu zimekwisha, santuri imejaa. Iliwaka nikimalizia ubeti wa nne.”

“Kwa hiyo Rufus ni mwizi.”

“Usinianze! Nani hapa asiyejua ukweli?”

“Hapa, sawa. Kwani santuri itabaki hapa?”

Haikubaki. Ilifika St. Louis, ikafika Chicago. Wanamuziki wengine wakaurekodi upya, na kila mmoja akamzidishia marehemu ubaya: huyu kampa kisu, yule kampa ulevi. Hata vijana wa palepale shambani wakajifunza kutoka kwenye santuri. Siku moja Ozella anafua uani, anaimba ubeti wake wa tano, binti wa jirani akaangua kicheko.

“Shangazi nawe kwa kutia chumvi! Wimbo unaishia kaburini.”

Kicheko kile kilimchoma moyo. Ningekuwa mimi ningemrushia yale maji ya sabuni.

Tolliver alipofariki, Ozella akaokoka, akabatizwa mtoni. Kanisani kwake bluzi, nyimbo za aina ya ule wa Rufus, ilikuwa muziki wa shetani, akaiacha kwa miaka zaidi ya thelathini. Kisha akaja kijana wa chuo, mzungu mwenye adabu, na mashine ya kurekodia. Alikuwa akitafuta chimbuko la wimbo wa Rufus.

“Ina taa hiyo?” Ozella aliuliza.

“Taa gani, Bi Ozella?”

“Ya kunikatiza.”

“Haina. Imba mpaka uchoke.”

Mchungaji angesikia angemtoa kwenye kwaya. Na amtoe! Ozella alikaa sawa, akaimba. Beti nne zikaja zenyewe. Akafumbua mdomo kwa wa tano, akakuta patupu. Akaanza upya kutoka mwanzo. Kikaja kisu, ukaja ulevi, maneno ya watu wasiomjua kaka yake, yakimtoka kwa sauti yake mwenyewe. Akanyamaza.

Kijana akazima mashine, uso umemng’aa. “Safi kabisa! Kama kwenye santuri.”

“Nyumbu alirudi mwenyewe,” Ozella alisema. “Rufus hakuiba.”

“Kuna ubeti unaosema hivyo?” Kijana alirudisha mkono kwenye mashine haraka. “Uimbe, Bi Ozella. Ngoja niwashe.”

Ozella alimtazama, machozi yakimtiririka.

“Usiwashe, mwanangu,” alisema. “Nimeusahau.”